Gurudumu la Roboti na Kiswahili cha Karakana: Mtazamo Kutoka Salama

Neno roboti halikuzaliwa katika karakana wala katika maabara, lilizaliwa jukwaani. Karel Čapek, mwandishi wa Kicheki, ndiye aliyelileta duniani katika tamthilia yake R.U.R. iliyochapishwa mwaka 1920, akalichota katika neno la lugha yake lenye maana ya kazi ya shokoa. Kwa hiyo mwanafunzi wa fasihi hana haja ya kuomba radhi anapojiunga na mazungumzo ya wahandisi kuhusu chombo hiki. Kiswahili nacho kililipokea neno lenyewe kwa upole, kikalipachika irabu mwishoni, wala halikuzua ule ugomvi wa tarakilishi, ngamizi na kompyuta ambao umekula saa nyingi za makongamano.

Hata hivyo, kuitaja roboti ni jambo jepesi. Kazi huanza pale inapotakiwa kutembea, na aliyeiunda akaulizwa: itatembea kwa gurudumu gani, na kwa nini hilo na si jingine? Makala haya yanashikilia kwamba swali hilo ni la lugha kwa kiasi kilekile ambacho ni la mota na gia. Yanashikilia pia kwamba Kiswahili kina sehemu kubwa ya majibu yake tayari, ila majibu hayo yako mahali ambapo wanachama wa vyama vya Kiswahili hawana mazoea ya kwenda: kwenye karakana za kando ya barabara, mathalani pale Salama katika kaunti ya Makueni.

Inafaa kuanza na mashindano yenyewe, kwa kuwa huenda wasomaji wengi wa jarida hili hawajayashuhudia. Mvumbuzi wa Marekani, Dean Kamen, aliasisi shirika la FIRST mwaka 1989, na mashindano ya kwanza ya shirika hilo yakafanyika mwaka 1992. Mnamo Julai 2017, mashindano ya FIRST Global, ambayo pia yanatokana na juhudi za Kamen, yaliwakusanya mjini Washington vijana wa nchi zaidi ya 150, Kenya ikiwa miongoni mwao. Kazi waliyopewa ilihusu maji. Uwanjani palikuwa na mipira ya buluu iliyowakilisha maji, na mipira ya rangi ya chungwa iliyowakilisha uchafu. Roboti zilitakiwa kuikusanya na kuitenganisha. Mkaazi wa Ukambani akisimuliwa mchezo huo hana budi kutabasamu. Maji hayajawahi kuwa mchezo kwake, na chombo cha kuyabeba anacho tayari, nacho kina magurudumu.

Roboti ya mashindano ya aina hii si kubwa. Katika kitengo kimoja mashuhuri cha wanafunzi wa sekondari, ni lazima ianze mchezo ikiwa inaenea ndani ya sanduku la sentimita 46 hivi kila upande, na mchezo wenyewe hudumu dakika mbili na nusu. Katika muda huo itakimbia, itakata kona, itasukumana na nyingine, pengine itapanda mwinuko. Mkono wa kuokotea mipira unaweza kubadilishwa usiku wa kuamkia mashindano. Magurudumu hayabadilishwi kwa wepesi huo, kwani fremu, mota na gia vyote vimepimwa kwa kuyafuata. Ndiyo maana timu yenye busara huyajadili kwanza, na huyajadili kwa ukali.

Gurudumu la kwanza ni la kawaida, lenye ngozi ya mpira. Sifa yake ni kushika. Likizungushwa, mpira huuma sakafu na roboti husonga. Adui akiisukuma kutoka ubavuni, haiserereki ovyo. Lakini sifa hiyohiyo ndiyo taabu yake. Roboti yenye magurudumu manne ya namna hii, yaliyofungwa imara pasipo usukani, hugeuka kwa kuzungusha upande mmoja mbele na upande wa pili nyuma, na ili igeuke ni lazima magurudumu yote yajikokote kando huku yakisugua sakafu. Mpira unaoshika vizuri hukataa. Roboti hutetemeka, hurukaruka, mota hupata moto. Dawa ya zamani ni kuweka magurudumu sita na kuyashusha yale mawili ya katikati kwa milimita tatu hivi, hivi kwamba wakati wowote chombo hukanyaga kwa magurudumu manne yaliyokaribiana, nacho hugeuka bila kelele. Milimita tatu tu! Mtu asiyejua huangalia roboti hiyo asione tofauti yoyote.

Gurudumu la pili huitwa omni. Mzingo wake umezungushiwa rola ndogondogo zinazobingirika kuelekea ubavuni, hivi kwamba gurudumu husukuma mbele kama lolote jingine, lakini likivutwa kando huteleza bila kinyongo. La tatu ni mekanumu, uvumbuzi wa mhandisi wa Uswidi, Bengt Ilon, wa miaka ya 1970. Hili nalo lina rola, ila zimekaa mshazari, kwa nyuzi 45. Roboti ikiwa na mekanumu manne, kila moja na mota yake, inaweza kwenda mbele, nyuma, upande kama kaa, na hata kuzunguka huku ikisonga. Ajabu hii huwavutia watazamaji, na bila shaka ndiyo inayowafanya wanafunzi wengi wanaoanza kulitamani gurudumu hili kabla hawajaulizwa wanataka kufanya nalo nini.

Hapo ndipo rai ya makala haya inapoanza kuwa kali. Kwa timu changa, yenye fedha haba na muda mfupi, mekanumu aghalabu ni chaguo baya. Ni ghali na ni zito. Hudai mota nne zinazoelewana na programu inayozipatanisha. Roboti inapokwenda mbele, sehemu ya nguvu hupotea kwa kuwa magurudumu ya kushoto na ya kulia husukumana kuelekea pande zinazopingana. Ikisukumwa na roboti yenye mpira unaoshika, husalimu amri. Fauka ya hayo, hudai sakafu iliyonyooka: gurudumu moja likiinuka kidogo tu, uwiano wa yote manne huvunjika na chombo hupotoka. Wapo watakaosema kwamba timu mahiri zimeshinda kwa mekanumu. Ni kweli, na timu hizo zilikuwa na madereva waliofanya mazoezi kwa miezi mingi. Ushindi wao si hoja ya kumpa mwanafunzi ambaye ndiyo kwanza anashika bisibisi.

Kuna hesabu pia, japo si ngumu. Gurudumu lenye kipenyo cha sentimita 10 husafiri sentimita 31.4 kwa mzunguko mmoja. Mota ikilizungusha mara 300 kwa dakika, yaani mara tano kwa sekunde, roboti hukimbia sentimita 157 kila sekunde. Likibadilishwa liwe la sentimita 7.5, mwendo hushuka hadi sentimita 118 hivi, ila nguvu ya kusukuma huongezeka kwa theluthi moja. Hakuna kinachopatikana bure. Na nguvu hiyo yote haina faida gurudumu likiteleza, kwa kuwa mshiko hutegemea mambo mawili: namna mpira unavyoelewana na sakafu, na uzito unaolikandamiza gurudumu. Uzito wa roboti ukikaa juu ya magurudumu yasiyosukumwa na mota, uzito huo umetupwa.

Salama ni soko la kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa. Kwa anayetoka Nairobi, liko mbele ya Konza na kabla ya Sultan Hamud. Malori ya masafa marefu hupita mchana na usiku, na palipo na malori hapakosi mafundi wa panchari, wachomeleaji na wauzaji wa vipuri vikuukuu. Nchi inayolizunguka ni kavu, yenye mito ya msimu inayobaki mchanga mtupu miezi mingi ya mwaka, na mkokoteni wa punda ni chombo cha lazima. Mkokoteni wenyewe ni jukwaa la mbao au vyuma lililokalishwa juu ya ekseli iliyong'olewa katika gari kuukuu, pamoja na magurudumu yake mawili ya upepo. Mitungi kumi ya lita 20 ni kilo 200 za maji peke yake, mbali na uzito wa jukwaa.

Anayeutengeneza mkokoteni huo hujibu, bila kuandika popote, takriban kila swali ambalo timu ya roboti hujiuliza. Gurudumu kubwa au dogo? Kubwa hupita juu ya shimo, dogo huzama humo. Kila aliyesukuma toroli kwenye mchanga analijua hilo kwa mabega yake. Ekseli moja au mbili? Moja, kwa sababu mkokoteni wenye magurudumu manne yaliyofungwa imara haukati kona ila kwa kuburutwa kando, na punda hana mota ya akiba. Mzigo ukae wapi? Juu ya ekseli, ama mbele yake kidogo sana. Ukielemea mbele humkandamiza punda. Ukielemea nyuma, miti ya kukokotea huinuka na kumvuta mnyama juu kwa mkanda wa tumboni. Tairi kipara linafaa? Kwa mkokoteni linafaa, kwa kuwa gurudumu lake halisukumi ardhi; hubingirika tu likivutwa. Kwa lori lipandalo mlima halifai hata kidogo. Hapo fundi ameshatofautisha gurudumu linaloendesha na gurudumu linaloendeshwa, tofauti ambayo wanafunzi wa roboti huchukua wiki kadhaa kuielewa.

Turudi sasa kwenye lile gurudumu la omni. Roboti yenye magurudumu mawili ya mpira mbele na mawili ya omni nyuma hugeuka kwa wepesi kwa sababu nyuma yake huteleza kando kana kwamba haipo. Kwa maneno mengine, roboti hiyo ni mkokoteni wa ekseli moja! Huzunguka juu ya ekseli yake ya mpira, na omni zinabaki kuwa egemeo la kuizuia isianguke. Timu changa inayouliza ianze na nini ingefaa ianze hapa: mpira unaoshika mahali penye uzito, omni mahali panapotakiwa kuteleza. Ni rahisi kuunda, ni rahisi kuendesha, na haisukumiki ovyo kutoka ubavuni upande wa mbele. Mtoto wa Salama aliyekua akiendesha punda angeelezwa hayo kwa sentensi mbili, mradi sentensi hizo ziwe katika lugha ambayo alimwendeshea punda.

Na hapa ndipo penye kidonda. Mashindano ya roboti yanapoingia katika shule za Kenya, huingia yakiwa yamevaa Kiingereza kuanzia utosini hadi unyayoni. Mwongozo ni wa Kiingereza, mafunzo ni ya Kiingereza, na waamuzi huhoji kwa Kiingereza. Hilo halingekuwa na ubaya mkubwa laiti lingeishia kwenye mwongozo. Lakini kuchagua gurudumu ni kubishana. Ni lazima mmoja aseme, mwingine akatae, wa tatu apendekeze njia ya kati, na kila mmoja atoe sababu. Mwanafunzi anayemudu Kiingereza cha mtihani, lakini asiyekimudu cha ubishi, hunyamaza. Naye mara nyingi ndiye aliyewahi kuona beringi ikifa njiani. Anayebaki akisema ni yule aliyesoma sana katika intaneti na ambaye hajawahi kusukuma chochote. Timu hununua mekanumu.

Hoja ya kwanza inayoletwa dhidi ya mtazamo huu ni ile ya siku zote, kwamba Kiswahili hakina istilahi. Hoja hii imechoka. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia tangu mwaka 1990, na maneno kama kani na msuguano yanatumika katika masomo ya sayansi pasipo mtu kushtuka. Kilichopungua ni maneno ya kati, yale ya mkononi, yanayomwezesha mtu kusema kile anachokiona gurudumu likifanya. Nayo hayo yapo. Fundi husema gurudumu linacheza, akimaanisha limelegea kwenye ekseli. Husema beringi inalia. Husema tairi limekula upande mmoja, na kwa kauli hiyo moja ameshatoa utambuzi wa ugonjwa, kwamba magurudumu hayakukaa sambamba. Hutofautisha kuteleza, ambako gurudumu huzunguka bila kushika, na kuserereka, ambako chombo kizima huenda kando kisikotakiwa. Msomi aliyezoea kuchambua mitindo ya washairi angepaswa kusisimka kwa uketo wa vitenzi hivi.

Hoja ya pili ni nzito zaidi na haifai kupuuzwa. Inasemwa kwamba fundi wa Salama hazungumzi Kiswahili sanifu. Huzungumza Kikamba nyumbani, na kazini hutumia Kiswahili cha barabara kilichojaa maneno ya kukopa: ekseli, beringi, rimu, grisi, shafti, springi. Ni kweli. Kiswahili cha Salama ni cha malori. Kilipanda kutoka Mombasa pamoja na shehena. Lakini ni lini Kiswahili kilipata chombo chenye magurudumu bila kukopa? Neno gari lenyewe limetoka Bara Hindi, na leo hakuna anayelitilia shaka kwenye karatasi ya mtihani. Ekseli na beringi yamepita njia ileile, na kuyaita makosa ni sawa na kumzuia mgeni mlangoni ilhali mwenye nyumba mwenyewe alikuja jana. Suala la Kikamba ni jingine. Hakuna ubaya wowote iwapo baadhi ya maneno yatatoka huko moja kwa moja, kwa kuwa lugha za Kibantu zimekuwa zikipendekezwa kama chemchemi ya istilahi kwa miongo mingi, ingawa pendekezo hilo huishia kwenye karatasi za makongamano.

Hoja ya tatu husema kwamba mwishoni mwanafunzi atahitaji Kiingereza ili ashindane. Jibu lake ni fupi: atakihitaji mbele ya mwamuzi. Hakihitaji usiku anapochagua gurudumu.

Kuna jambo la kuwalaumu wanachama wa vyama vya Kiswahili vyuoni pia, na lawama hii ni ya haki. Kwa muda mrefu, hamu ya kuunda istilahi imeongozwa na uzuri wa umbo la neno kuliko kazi yake. Mtu hukaa ofisini, hukata kipande cha neno moja na kukiunga na cha jingine, kisha huwasilisha matokeo yake kongamanoni na kupigiwa makofi. Tarakilishi limedumu shuleni na katika taarifa za habari. Kwenye duka la kutengeneza mashine zenyewe, mteja husema kompyuta. Ni kama kununua mekanumu kwa sababu huenda upande kama kaa. Hata mapendekezo yaliyotolewa katika makala haya, kama vile mshiko kwa ule uwezo wa gurudumu kuuma sakafu, yanafaa kukataliwa iwapo wanaolifanyia kazi gurudumu watakuwa na neno lao.

Suala hili lina uharaka. Mwaka 2022 Kenya iliidhinisha mtaala wa kufundisha usimbaji katika shule za msingi na za sekondari. Kule Malili, mwendo mfupi wa gari kutoka Salama, uko mradi wa mji wa teknolojia wa Konza, uliowekewa jiwe la msingi Januari 2013 na Rais Mwai Kibaki kwenye ardhi ya ekari 5,000. Umejengwa polepole kuliko ilivyotarajiwa, lakini unajengwa. Swali la kuuliza ni nani watakaoingia humo kama mafundi wa roboti na nani watakaoingia kama wapakuzi wa mizigo. Baba anayefunga ekseli za mikokoteni kilomita chache kutoka kwenye lango la mji huo ana elimu ambayo mtoto wake angeingia nayo darasani kama mtaji, na shule inamwambia mtoto aiache nje kwa kuwa haina jina la Kiingereza. Binti aliyewahi kumuona punda akiinuliwa na mzigo ulioelemea nyuma anajua zaidi kuhusu mahali pa kuweka betri ya roboti kuliko anavyodhani. Hajaambiwa tu kwamba ni jambo lilelile.

Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vina desturi nzuri ya kufanya ziara za pwani: Mombasa, Lamu, wenye bahati Unguja, kutafuta Kiswahili chenye mizizi. Basi linalotoka Nairobi hupita Salama asubuhi, abiria wakiwa wamelala au wakiimba, na likisimama huwa ni kwa ajili ya msalani na chai. Si vigumu kuongeza saa tatu. Wanafunzi wawili wa isimu wangekaa na fundi wa panchari, wawili kwa mchomeleaji, wawili kwa mwenye mikokoteni, wakaandika kila kitenzi kinachotumiwa juu ya gurudumu, pamoja na sentensi nzima aliyoitamka msemaji, maana neno lililotolewa katika sentensi yake hufika chuoni likiwa limekufa. Orodha ya vitenzi 50 ya namna hiyo ingemfaa mwalimu wa kikundi cha roboti kuliko kitabu kizima cha istilahi zilizoundwa kwa kuwaza. Ingekuwa pia tasnifu ya uzamili yenye maana, na wasimamizi wanaolalamika kwamba mada zimekwisha wangepata pa kuwatuma wanafunzi wao.

Mekanumu lenyewe bado halina jina zuri la Kiswahili. Gurudumu la mshazari? Gurudumu kaa? Gurudumu la rola pindu? Yote matatu yana kasoro, na hakuna haja ya kuamua sasa. Basi la chama litakapoelekea pwani tena, mmoja wa wasafiri na awe na gurudumu hilo mkobani. Afike Salama, amkabidhi fundi aliyechafuka grisi, amwache alizungushe, azibonyeze rola zake kwa kidole gumba, amwite jirani yake waliangalie pamoja. Kisha aandike watakachokisema.